Sauti ya Watu wa Nyuma

Wewe uliyekaa hapo na kikombe cha chai, nikutegee hiki: ni mzigo gani, akiubeba mtu mmoja unamwinamisha mgongo, wakiubeba watu elfu kumi unawabeba wao?

Usiangalie juu, jibu haliko kwenye mabati. Ukishindwa itabidi unipe mji, na tafadhali usinipe Nairobi, foleni yake siiwezi. Nipe Kisumu. Haya, nimeupokea, na ziwa lake na mbu wake wote. Jibu ni wimbo wa kanisani. Unakunja uso, unaona nimekuibia mji wako bure. Basi kaa nikusimulie habari ya Kageha na mumewe Okello, kule mtaa wa Nyalenda, Kisumu hiyo hiyo, halafu utaniambia kama nimekuibia.

Kageha ni mtu wa Maragoli, na kazi yake ni kuuza mboga: kunde, mrenda, managu, kibanda chake kiko kando ya bomba la maji. Okello ni Mjaluo wa Seme, fundi wa baiskeli tangu ujana. Walipokutana mwaka wa themanini na tatu, yeye hakujua Kimaragoli hata neno moja la kuombea maji, na Kageha hakujua Kijaluo. Wakachumbiana kwa Kiswahili. Baadaye Kageha alikijua Kijaluo vizuri sana, soko lilimfundisha, lakini wakiwa wawili nyumbani walibaki na Kiswahili chao kile kile, kama watu wengine wanavyobaki na sahani za harusi.

Sasa, Kiswahili cha Okello kilikuwa na jambo lake. Kinywa chake hakikuwa na sh wala z. Zote mbili zilimtoka s. Shati ni sati. Shoka ni soka. Siku ya kwanza kumletea Kageha kitambaa cha kichwa alisema, "Nimekuletea sawadi," na Kageha akacheka mpaka akakaa chini. Akamfundisha: "Sema zzz, kama mbu." Okello akajaribu, mate yakaruka, z haikutoka. Kwa miaka arobaini na kitu Kageha alimcheka, naye akajicheka, na hakuna siku hata moja waliyokosa kuelewana.

Jambo la pili la Okello lilikuwa nyimbo. Kanisa lao hufanya mkutano mkubwa kila Agosti, watu wakitoka Nyalenda na Obunga, wengine Muhoroni huko kwenye miwa, wengine visiwani, na uwanja wote ukajaa vichwa. Vitabu vya nyimbo ni vichache na macho ya wazee ni mabaya, kwa hiyo mtu mmoja husimama mbele akatangulia na mstari, na umati wote ukaupokea kwa kuimba. Kwa miaka thelathini mtu huyo alikuwa Okello.

Ukidhani ni kazi rahisi, jaribu. Katika watu wengi sauti inachelewa. Wale wa mbele wanapomaliza mstari, wale wa mwisho kabisa, karibu na vyoo na wauza miwa, bado wako katikati. Asiyejua huruka na mstari mwingine, na wimbo ukapasuka kama gunia bovu. Okello hakuruka. Alikuwa akiinua mkono juu na kuuacha huko, wale wa mbele wamenyamaza, mpaka sauti ya nyuma kabisa imfikie. Ndipo huushusha, akatoa mstari mwingine.

"Unangoja nini siku zote?" Kageha alimwuliza zamani.

"Nangoja watu wa choo," Okello alisema. "Na wao wamepanda gari kuja kuimba."

Mwaka huu ugonjwa wa sukari ulimshika mguu. Kiatu kilimchubua kisigino, mchubuko ukawa kidonda, kidonda kikawa cheusi, na dawa zote zikashindwa. Jumanne ile daktari wake, binti mmoja mpole anayeitwa Celestine, alivuta kiti akakaa karibu naye badala ya kumsemesha akiwa amesimama, na hapo Kageha akajua maneno ni mazito.

"Mzee," Daktari Celestine alisema, "huu ugonjwa unapanda. Tukikata chini ya goti utaishi. Tukiacha, hautakuwa tena mguu, itakuwa maisha. Siwezi kukukata bila wewe mwenyewe kukubali. Kwa hivyo nakuuliza: tukate uishi, au tuache?"

Okello aligeukia ukuta.

"Mzee?"

Daktari alingoja kwa heshima, kisha akamwambia Kageha ampeleke nyumbani apumzike, afungwe kidonda kila siku, na Jumatatu arudi na jibu. Zaidi ya Jumatatu, alisema, jibu halitakuwa na kazi tena.

Jumatano alikuja shemeji, Zadock, mdogo wake Okello, kutoka Seme. Jina lake ni Zadock lakini yeye mwenyewe hujiita Sadok, hana namna nyingine. Ni mtu mwenye roho nzuri na sauti kubwa, na hajui kuongea polepole nje ya dirisha la mgonjwa.

"Semeji," alisema, "kaka yangu asikatwe. Mtu hasikwi nusu."

"Nani amesema anazikwa, Zadock?"

"Mimi nasema tu. Siku ikifika tutamsika nyumbani, upande wa kulia wa nyumba yake, na miguu yake miwili. Baba alisikwa hivyo. Babu alisikwa hivyo."

Akaendelea mpaka chai ikaisha: atasikwa hapa, nani atakuja kumsika, mwaka gani walimsika fulani. Siku nzima masikio ya Kageha yakawa na kazi moja, kuzigeuza s za Zadock kuwa z.

Na Alhamisi yake, mchana, ndipo lilipotokea lile jambo. Kageha alikuwa amekaa mlangoni na sinia mapajani, akichambua mrenda. Okello alikuwa kitandani nyuma yake, macho kwenye mabati, hajasema neno tangu asubuhi.

"Kageha," aliita. Si Mama Perez, kama alivyozoea kumwita tangu binti yao azaliwe. Jina lenyewe.

"Naam."

"Nisike."

Vidole vya Kageha vilisimama kwenye majani. Akasikia: nizike.

Basi ndilo jibu lake, aliwaza. Amechagua. Alitaka kuruka pale alipo, amshike mabega amtikise, amwambie wewe mzee una wazimu, nitabaki na nani? Lakini wazazi wake walimlea kwamba mtu mzima akisema neno la mwisho hapigiwi kelele.

"Sawa," alisema, bila kugeuka.

Akaweka sinia chini, akachukua mtungi wake wa plastiki, akaenda bombani kuchota maji ambayo hakuyahitaji, ili alie huko pamoja na maji.

Hakumwambia mtu. Ijumaa aliitoa suti nyeusi ya Okello sandukuni akaipiga pasi, kola, mikono, suruali, akaitundika mahali ambapo alidhani Okello haoni. Binti yao Perez alipopiga simu kuuliza baba amesema nini, Kageha alisema, "Analala." Ukitaka kujua mtu mwenye huzuni anavyofanya, ni hivyo: anapiga pasi. Na tangu Alhamisi hiyo hakuimba. Yeye ambaye huimba akiosha sufuria, huimba akifukuza kuku, kinywa chake kilikuwa kama kimeshonwa. Okello naye alimtazama tu akipita, akapitisha macho pembeni.

Jumamosi Okello alisema neno la pili. "Keso nipeleke mkutanoni."

Anataka kuwaaga watu, Kageha aliwaza. Akasema sawa tena.

Perez alikuja Jumapili asubuhi na kiti cha magurudumu cha kuazima, wakamsukuma mzee na suti yake nyeusi ndani ya tuktuk kama kabati, huku Perez akimwambia, "Baba, kunja kichwa, kichwa jamani, si ubao!" Uwanjani watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye ua. Wagonjwa waliwekwa mbele, chini ya turubai, karibu na jukwaa. Wazee waliomjua Okello walikuja kumsalimu mmoja mmoja.

"Mzee wa mistari! Umenona, wewe!"

"Kilichonona ni hiki kiti," Okello alisema, wakacheka, wengine wakageuka kufuta macho.

Anayetangulia na mistari sasa ni Dolphine, mwalimu kijana mwenye sauti safi kama kengele. Amesoma, sh yake ni sh na z yake ni z. Ana maikrofoni na kitabu kikubwa. Alifungua wimbo ambao watu wa ziwani wanaupenda, ule wa zamani wa wavuvi, akatangulia:

"Ziwa likichafuka, nishike!"

Umati ukaupokea. Wewe kama hujawahi kukaa mbele ya watu elfu kumi wanapopokea mstari, sijui nikuambieje. Huusikii kwa masikio kwanza. Unausikia kwenye kiti, kwenye meno, chini ya mbavu. Turubai lilitetemeka. Mtoto mmoja aliyekuwa akilia kwa mama yake alinyamaza akafungua mdomo kama ndege. Kageha alisimama nyuma ya kiti cha mumewe, mikono kwenye vishikio, midomo imefungwa.

"Giza likiteremka, nishike!" Dolphine alisema, upesi, wale wa nyuma kabla hawajamaliza.

Umati ukaupokea, nusu huku, nusu kule.

"Anakimbia," Okello alisema.

Kageha aliinama. "Nini?"

"Huyu msichana anakimbia. Watu wa choo bado."

Kweli wimbo ulikuwa umeanza kupasuka. Wa mbele walikuwa kwenye mstari wa pili, wa nyuma kwenye wa kwanza, na katikati watu walikuwa wakitazamana. Dolphine akatoa mwingine: "Nikichoka kupiga kasia, nishike!" Wa mbele wakaimba, wakamaliza. Hapo upepo wa kutoka ziwani ukaja ukageuza kurasa za kitabu chake tatu nne kwa mkupuo, naye akaacha maikrofoni kutafuta ukurasa. Mbele kote kukawa kimya.

Na katika kimya hicho ikaja sauti ya watu wa nyuma.

Ilikuja peke yake, imechelewa, bila maikrofoni, ikitembea juu ya vichwa vya watu kama mvua inayovuka ziwa. Ilikuwa ya wauza samaki na wakata miwa na wazee wa visiwani, watu ambao sh haijawahi kulala vinywani mwao hata usiku mmoja. Walikuwa wameinua mikono yao, maelfu ya mikono, vidole wazi, na neno lililotoka kwao lilikuwa moja tu:

"Nisike!"

Kageha aliganda. Hakuna mtu katika uwanja ule aliyekuwa akimwomba Mungu amzike.

Mama mmoja kwenye mkeka karibu naye, amefunga macho, mkono juu, alikuwa bado analirudia peke yake, nisike, nisike, kama mtoto anayevuka mto na mama yake.

Kageha alitazama chini. Mkono wa Okello ulikuwa umelala juu ya paja lake, kiganja juu. Ghafla akauona mkono huo ulivyokuwa Alhamisi, ambao hakuuona, kwa sababu hakugeuka. Akazunguka kiti akapiga magoti kwenye majani, suti nyeusi aliyomvisha ikimkwaruza shavu, maana sasa uso wake ulikuwa karibu na wa mumewe.

"Baba Perez. Alhamisi uliniambia nini?"

"Eh?"

"Alhamisi! Nikichambua mboga! Ulisema nini?"

Okello alimtazama kana kwamba anauliza jina la Kisumu. "Nilisema unisike. Ukasema sawa. Ukaenda kuchota maji."

"Nilisikia nizike!"

"Nini?"

"Nizzzike!" Kageha alipiga kelele, kama mbu mkubwa, mpaka mama wa kwenye mkeka akafungua macho. "Nilisikia unataka nikuzike!"

Ilimchukua Okello muda, kama mtu anayetafuta shimo la pancha ndani ya maji, mpaka akaliona. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Kageha akadhani analia, na alikuwa analia, lakini alikuwa anacheka pia.

"Ndiyo maana umepiga pasi hii suti kama ya bwana harusi," alisema.

"Uliiona?"

"Nina mguu mbaya, nyar Maragoli, si macho." Alimwita binti wa Maragoli, kwa Kijaluo.

"Si ungesema kwa Kijaluo basi! Ningeelewa!"

"Wewe ndiye uliyeansa kunisemesa Kiswahili."

"Oh, Okello." Hakuwahi kumwita hivyo mbele ya watu. Akauchukua ule mkono kwa mikono yake yote miwili, wenye mafuta meusi ya minyororo ambayo hayatoki tena, akaubana kifuani.

"Nilidhani umechoka na mimi," Okello alisema polepole. "Nikasema, ana haki. Mtu msima wa kuogeswa, wa kubebwa. Nilinyamasa kwa daktari kwa sababu sikujua. Mguu nawesa kukaa bila. Lakini nilitaka kujua kwansa kama kuna mtu atanisika."

"Na nikaenda bombani."

"Na ndoo ilikuwa imejaa. Niliona."

Wakabaki hivyo. Jukwaani Dolphine alikuwa amepata ukurasa wake, na alikuwa anaishika maikrofoni tena. Kageha alitaka kuuliza lile swali lililokuwa limekaa nyumbani kwao tangu Jumanne kama mgeni asiyeaga. Akafungua mdomo. "Na kesho utamjibu nini daktari?"

"Ngoja," Okello alisema. "Anataka kukimbia tena."

Akautoa mkono wake mikononi mwa Kageha, akauinua juu, na kuuacha huko.

Wazee waliokaa chini ya turubai wakauona. Miaka thelathini waliuimbia mkono huo. Wakanyamaza bila kuambiwa. Nyuma yao wengine wakanyamaza, na nyuma ya hao wengine, kimya kikaenda kama mkeka unaokunjuliwa. Dolphine akatazama chini kutafuta nini kimetokea, akamwona mzee kwenye kiti cha magurudumu na mkono juu. Ni binti mwenye adabu. Akashusha maikrofoni akamtazama yeye.

Okello alingoja. Sauti ya mwisho kabisa, ya watu wa karibu na vyoo, ikaja, ikafika kwenye kiti chake, ikatulia. Ndipo aliposhusha mkono.

"Ufuo usipoonekana, nishike!" Dolphine akasema, na safari hii watu wote wakaingia mlango mmoja kwa wakati mmoja.

Kageha hakukumbuka alianza kuimba lini. Alijikuta tu mdomo wake uko wazi na sauti imo ndani ya ile nyingine kubwa, na hakuweza kuitambua ni ipi yake. Kile kitu alichokuwa amekibeba tangu Alhamisi, hakukitua, hapana. Kilikuwa bado kipo, mguu ulikuwa bado mweusi, Jumatatu ilikuwa bado kesho. Lakini kilikuwa hakimgusi tena mgongo. Kilikuwa kimeinuliwa kikapita juu, mkono kwa mkono, kwa watu ambao hawajui jina lake, na kila mmoja alikuwa ametoa chake pia kikapita. Kushoto kwake Perez alikuwa analia bila kujua kwa nini. Na Okello, sauti imekwisha, pumzi fupi, alikuwa anaimba kwa midomo tu, kila mstari akiinua mkono, kila mstari akingoja. Wimbo wa beti nne uliimbwa karibu saa nzima. Hakuna aliyelalamika. Hata wauza miwa waliacha kuuza.

Jumatatu asubuhi Daktari Celestine alivuta kiti chake tena. Zadock alikuwepo, amefika na basi la kwanza kutoka Seme, kofia mkononi, anapepesa macho. Alikuwa ameongea njia nzima ya kutoka langoni, kwamba kaka afikirie nyumbani, afikirie baba na babu.

"Semeji, wewe mwambie," alimnong'oneza Kageha, na mnong'ono wake ukasikika wodi nzima.

"Mimi siulizwi, Zadock," Kageha alisema. Alikuwa amekaa upande wa pili wa kitanda na mkono wa mumewe kwenye mkono wake, na tangu wafike hakuwa ameuachia, hata nesi alipokuja kupima presha ikabidi ampime mkono ule mwingine. Neno lilikuwa limemjaa kinywani, lakini aliuma mdomo. Hili halikuwa lake kulitangulia.

"Mzee Okello," daktari alisema, "nilikuuliza Jumanne, hukunijibu. Leo ndiyo mwisho wa kuuliza. Tukate uishi, au tuache?"

Okello hakugeukia ukuta. Alimtazama daktari, akamtazama mdogo wake na kofia yake, na Kageha akahesabu pumzi zake, moja, mbili, tatu.

"Kateni, nyathina, mwanangu," alisema. "Mimi bado nataka kuisi."